Mlenda wa Goti

Ni kweli. Kaka yangu alikula mlenda uliokuwa umepakwa kwenye goti la mama. Aliula kwa ugali, akaumaliza, akakwangua chungu kwa kidole, na kidole akakilamba. Mimi ndiye niliyeutengeneza mlenda ule, mimi ndiye niliyeupaka gotini na kuukwangua tena kuurudisha chunguni. Na kwa miaka yote hii, kila aliponiuliza, misibani, harusini, kwenye ubatizo wa wajukuu zake, nimemtazama usoni nikamjibu, "Kaka, mama alikutania tu."

Nadhani nisingesema hata sasa, kama si mtoto wake wa mwisho aliyetujia mezani na simu yake Krismasi iliyopita. Yuko chuo, anasoma mambo ya afya, na ana ile furaha ya watu wanaodhani kila kitu kimegunduliwa juzi. Akatusomea kwamba huko duniani wataalamu wanazivunja dawa za uvimbe na maumivu ziwe chembe ndogo mno, wanaziita nano, kisha wanazichanganya kwenye jeli. Mtu anapaka, dawa inapenya ngozi mpaka kwenye kiungo kinachouma, tumbo halina habari.

"Shangazi, si ulisomea dawa wewe? Hii uliwahi kuisikia?"

Nikasema niliwahi kuisikia.

Kaka akaacha kutafuna. Alikuwa na paja la kuku mkononi. "Hiyo jeli," akamuuliza mwanawe taratibu, bila kuniondolea macho, "huwa inateleza?"

Nikamwambia anisogezee chumvi.

Basi nianze na goti.

Lilikuwa goti la kulia, na lilianza kufura msimu wa kupanda tangawizi. Mama alikaa mlimani, juu ya Gonja, mahali ambapo kitu pekee kilicho tambarare ni meza. Kwenda kisimani ni kushuka, kwenda kanisani ni kupanda, kwenda kwa jirani kuomba moto ni kufanya yote mawili. Goti likawa kama boga. Nesi wa hospitali akalitazama, akasema vidonge vya kutoa uvimbe vipo, siku ambazo vipo, lakini mama alikuwa na vidonda vya tumbo na aliwahi kutapika damu. "Mama, ukimeza hivi," nesi akamwambia, "goti litapona, wewe utakufa." Mama alisimulia habari hiyo kijiji kizima, na kila mara alimalizia vilevile: "Sasa goti lipone, lifuatane na nani?"

Kaka alikuwa na jibu. Kaka siku zote alikuwa na jibu, na alilisema kwa sauti ya mtu anayeongea huku injini inanguruma. Alikuwa mmoja wa wale ambao ruksa ya biashara iliwakuta wamekaa tayari. Miaka ya foleni, wakati sisi wengine tulikuwa tunaoga kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, yeye alikuwa anasoma watu. Biashara ilipofunguliwa tu, akawa na lori. Lilichukua mchele Ndungu kupeleka Same, na likirudi lilikuwa na marobota ya mitumba. Alijenga Same mjini nyumba ya matofali yenye feni, na friji ambalo alipenda kulifungua mbele ya wageni. Akataka mama ashuke akakae naye. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa sahihi kwa sauti kubwa mno.

Mama hakutaka. Same kwake ilikuwa upepo, vumbi na maji yenye chumvi. "Same ni mahali pa kusubiri basi," alisema. "Nani anahamia mahali pa kusubiri basi?"

Wakapatana hivi. Juu ya mashamba yetu kuna ndiva, bwawa la udongo waliloliacha babu zetu. Maji ya kijito hukusanyika humo usiku, asubuhi hufunguliwa, kila nyumba humwagilia kwa zamu yake. Kila mwaka bwawa hujaa tope, na hapo hutangazwa msaragambo, kazi ya wote: kila nyumba hutoa mtu na jembe. Nyumba isiyotoa mtu hupoteza zamu ya maji, na bila maji hakuna tangawizi, na bila tangawizi hakuna sababu ya kubishana na kaka. Nyumba ya mama ilikuwa na mtu mmoja, na huyo mtu alikuwa na goti moja. Mimi sikuhesabiwa. Mwanafunzi ni mgeni, na mgeni hasafishi ndiva, hupewa kiti.

"Msaragambo ujao," kaka alisema, "mama akipanda mpaka ndiva kwa miguu yake, akatoa tope kama wenzake, sitasema neno tena. Akishindwa, nakuja na lori, tunapakia kitanda."

Mama akakubali. Mimi nikaona hapa ndipo elimu ya juu inapotakiwa.

Nilikuwa mwaka wa mwisho Dar es Salaam, nikisomea ufamasia. Mwaka ule chuo kilikuwa kimefungwa kwa muda, serikali na wanafunzi wakiwa wamenuniana, nami nilirudishwa nyumbani na utafiti nusu. Mwalimu wangu alikuwa amesoma Ulaya na alirudi na wazo moja na masanduku matatu. Wazo lilikuwa kwamba ngozi si ukuta, ni uzio wa miti: mbuzi hapiti, lakini kifaranga anapita. Ukiisaga dawa mpaka chembe zake ziwe ndogo kiasi cha kutosha, halafu ukazitia kwenye kitu cha utelezi kinachozishikilia zisigandamane, zitapenya. Nano hatukuisema. Tulisema "ndogo sana", na pale mwalimu alipochangamka, "ndogo sana sana".

Hicho kitu cha utelezi kilikuwa jeli, na jeli ya kitaalamu ilitoka nje kwa fedha za kigeni, ambazo hazikuwepo. Mashine ya kusagia ilikuwepo ila ilikuwa imekufa, na juu yake palioteshwa ua. Mwalimu akanipa kichupa cha unga wa indomethasini, dawa ya uvimbe, akaniambia neno ambalo walimu wote wa zama zile walilijua: "Jitahidi na mazingira."

Kwa upande wa mazingira, mama alikuwa na wasiwasi wake. Nilikuwa nimemwandikia kwamba nafanya utafiti wa jeli. Aliyemsomea barua, pengine kwa miwani mibaya, alisoma jela. Nilipofika nyumbani nilikuta usharika mzima umeniombea mara mbili. Kundi moja liliombea nifunguliwe. Lingine, ambalo mama aliliongoza, liliombea nipate nafasi ya askari magereza, kwa kuwa ni kazi yenye nyumba na magwanda.

"Si jela, mama. Jeli."

"Ndiyo nini?"

"Ni kitu fulani kizito, si maji, si mafuta. Kinavutika. Ukikishika kinateleza."

Mama akafikiri. "Mlenda," akasema.

"Si mlenda, mama."

"Kinavutika, kinateleza. Mwanangu, miaka mitatu unasomea mlenda?"

Nilikana kwa nguvu zote. Kisha nikakaa jikoni kwake siku nzima nikajaribu kila kitu, uji wa muhogo, utomvu wa mkonge, maji ya mbegu, nikaishia kwenye mlenda. Hakuna kilichoushinda. Ukiuchemsha na kuuchuja unabaki ute safi unaoshika chembe bila kuziachia. Katika daftari niliuandika kwa jina lake la Kilatini ili usitambulike.

Ilibaki kusaga. Jiwe la mama lilisaga mahindi vizuri sana, lakini mimi nilitaka ndogo sana sana. Mashine iliyokufa chuoni ilikuwa pipa tu linalozunguka, ndani yake kuna gololi. Pipa likizunguka, gololi zinapanda ubavuni na kuanguka juu ya dawa, zinapanda na kuanguka, siku nenda siku rudi, mpaka dawa inasalimu amri. Gololi za kioo zilikuwa zimejaa Same. Hiyo ndiyo ilikuwa miaka ile: hospitali haina bandeji, lakini dukani unachagua rangi ya gololi. Pipa nilifanya kopo la maziwa ya unga. Nikatia dawa, maji, ute na gololi, nikaziba kwa mpira wa tairi. Nilichokosa ni kitu cha kulizungusha kwa wiki kadhaa bila kuchoka.

Kaka alikuja Jumamosi na lori, akaliacha pale barabara inapokata tamaa, akapanda kwa miguu. Alikuwa amevaa kandambili, na alichechemea. Nilipomuuliza alisema viatu vya ngozi vina joto.

"Shikamoo kaka. Naomba gurudumu."

"Marahaba. La nini?"

Nikamweleza. Nataka kufunga kopo katikati ya gurudumu la nyuma, pale kwenye kitovu, lizunguke pamoja nalo. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Yaani lori langu lizunguke na kopo linalogonga kama gari la harusi, ili nishindwe kwenye makubaliano yangu mwenyewe na mama?"

"Ndiyo."

Akacheka. Nadhani alikubali kwa sababu hakuamini hata kidogo.

Kuna jambo moja la kitaalamu ambalo lazima nilieleze, kwa sababu ndilo lililotugombanisha. Kopo likizunguka taratibu, gololi zinaanguka na kusaga. Likizunguka kasi, gololi zinang'ang'ania ukuta wa kopo, zinazunguka nalo kama abiria waliolala, na hakuna kinachosagwa. Nikapiga hesabu za kipenyo cha kopo na mwendo wa gurudumu. Jibu likawa kwamba mwendo unaofaa ni ule ule wa lori lililojaa mchele kwenye barabara ya vumbi ya Ndungu, mashimo yote yakiwepo. Kwenye lami, dawa inapumzika. Nikawa mtu pekee katika wilaya ya Same aliyeomba Mungu greda lisipite.

"Kaka, taratibu!"

"Huyo mwenye baiskeli anatupita."

"Mwache apite. Sayansi haina haraka."

"Sayansi haina mchele wa kuwahisha!"

Tulipoingia lami karibu na mjini nilimsihi tena, akaenda mwendo wa msiba, malori ya Arusha yakitupigia honi. Askari wa barabarani akatusimamisha. Akalizunguka lori, akainama kwenye gurudumu, akagonga kopo kwa rungu.

"Hiki ni nini?"

"Ni utafiti, afande," nikasema dirishani.

"Utafiti wa nini?"

"Jeli."

"Nani anakwenda jela?"

"Mimi, afande," kaka akasema, "huyu akiendelea kuongea."

Wiki zikaenda hivyo, mchele na mitumba, mchele na mitumba, kopo likigonga. Darubini sikuwa nayo, ila mwalimu alinifundisha njia ya maskini: unadondosha tone kwenye glasi ya maji. Chembe kubwa zitashuka chini. Zikiwa ndogo sana sana, maji yatabaki na ukungu. Glasi niliiweka dirishani jikoni. Mama akiwa amekaa na goti lake juu ya kigoda aliitazama asubuhi, akaitazama jioni.

"Inasubiri nini hiyo?"

"Nangoja nione kama itashuka."

"Isiposhuka?"

"Isiposhuka nimeshinda."

Mama akaitikia kwa kichwa. "Basi tuko wawili," akasema. "Wewe komaa nayo, mimi nakomaa na kaka yako."

Haikushuka. Siku ya tatu ukungu ulikuwa bado umesimama, na mimi nilicheza peke yangu jikoni hata mama akanikumbusha kwamba kuna mgonjwa.

Nikaanza kumpaka. Jeli, nasema jeli, ilikaa kwenye chungu kidogo chenye mfuniko wa bati, kile kile alichokuwa akipikia mlenda, kwa kuwa sufuria zote mbili zilikuwa na kazi. Asubuhi nilichota kwa kijiko nikapaka goti lote, nikaliacha wazi. Ila kichupa cha mwalimu kilikuwa kimoja, na sisi tulikuwa watoto wa miaka ya foleni. Watu tuliokata mche wa sabuni kwa uzi na kusuuza mfuko wa nailoni tukauanika, tungewezaje kuacha dawa iliyobaki juu ya ngozi ikauke bure? Kile kilichokuwa hakijapenya nilikikwangua kwa kijiko kile kile, nikakirudisha chunguni, nikakoroga. Kesho yake tena. Siku za kwanza nilijisikia vibaya kisayansi. Baadaye nilikwangua kama mtu anayemaliza uji.

Kulikuwa na kasoro. Ikikauka ilivuta ngozi, mama akitembea goti lilitoa mlio wa majani makavu. Mbuzi walimpenda ghafla. Akikaa uani walikuja kwa heshima, mmoja mmoja, kumlamba, nami nilikuwa nawafukuza huku nikiwaza ni kiasi gani cha matokeo kimeondoka na mbuzi. Lakini uvimbe ulipungua. Boga likawa nyanya chungu. Mama akashuka kisimani bila fimbo, akarudi, akakaa, akalitazama goti lake kwa shaka kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoazima jirani.

Siku ya msaragambo tuliamka mapema. Kaka alitakiwa kuwepo kama shahidi, tukamngoja, hakuonekana, tukapanda. Mama alitangulia na jembe begani. Akaingia ndani ya ndiva tope likimfika kwenye muundi, akajaza karai, akalitoa, akajaza lingine. Wanawake wenzake walimshangilia. Mmoja akamuuliza amefanyaje. "Nimepakwa jela," mama akasema kwa majivuno, na wote wakaitikia amina. Tulishuka mchana, mama akishuka kinyumenyume pale penye mteremko mkali, lakini akishuka kwa miguu yake.

Kaka tulimkuta jikoni. Alikuwa amepanda mpaka nyumbani, kidole kikubwa cha mguu kikamzuia kwenda mbele. Hapo ndipo nilipokiona: chekundu, kimevimba, kinang'aa. Kandambili hazikuwa za joto. Ilikuwa gauti, maradhi ya watu waliopata nyama kwa ghafla, na alikuwa akiificha kwa miezi. Mbele yake palikuwa na sahani yenye vipande vya ugali, na chungu kidogo, mfuniko wake wa bati pembeni.

"Nimeona mnachelewa nikasonga ugali," akasema. "Mboga nimeikuta. Mlenda wako, mama, una uchungu kidogo siku hizi. Lakini unashuka!"

Akapitisha kidole ndani ya chungu, mzunguko mmoja mzima, akakilamba.

Sijui kama nilipiga kelele. Nadhani nilisema "Chumvi ilikuwa ya kutosha?" kwa sababu ndilo alilonijibu. Mama alikuwa nje ananawa tope. Nilichukua chungu nikatoka nacho, nikasimama nyuma ya nyumba nikipiga hesabu za dawa iliyobaki mle. Haikuwa ya kuua. Ilikuwa ya kutosha mtu kulala na mashaka, na mtu huyo alikuwa mimi. Nilimnywesha maziwa. Nilimuuliza habari za tumbo lake kila baada ya muda mfupi mpaka akaguswa.

"Dada," akasema, "sikujua unanipenda hivi."

Mama aliuliza chungu kiko wapi. Nikamwambia panya wameingia. Akatazama sahani, akatazama vipande vya ugali, akasema, "Panya wa siku hizi wanasonga."

Asubuhi kaka alitoka uani akitembea sawasawa. Kidole kilikuwa kimenywea. Mchana kilikuwa kidole tu, kama cha watu wengine. Akakikanyagia chini mara mbili, akakitazama, akamtazama mama, na machozi yakamlenga. "Daktari wa Same amekula hela yangu bure," akasema. "Dawa ilikuwa nyumbani kwa mama yangu. Mlenda!"

Ningesema pale pale. Lakini ningemwambia nini, kwamba nimemlisha utafiti? Na mwalimu ningemwambia nini, kwamba dawa yangu ya kupenya ngozi imefanya vizuri sana baada ya kumezwa? Nilinyamaza nikidhani kunyamaza hakuna gharama, kwa sababu mama alikuwa ameshinda. Alipanda ndiva, alitoa tope, kaka akapewa ushahidi wa kijiji kizima.

"Nimesikia," kaka akasema. "Mama ametembea. Nimefurahi sana. Sasa kama anaweza kutembea, kinachomzuia kuja Same ni nini?"

Mama akaweka kikombe chini.

"Hapo mwanzo nilisema ashuke kwa sababu anaumwa," kaka akaendelea. "Sasa ni mzima. Mgonjwa ni mimi. Atashuka anipikie mlenda. Kila siku, mchana na jioni. Jumamosi nakuja na lori."

Hapakuwa na pa kutokea. Goti bovu lilimshusha, goti zima lilimshusha. Nimesoma mantiki chuoni muhula mmoja na sijawahi kukutana na hoja iliyofungwa pande zote kama ile. Kaka aliondoka akiruka mawe. Mama alibaki ameketi mlangoni akiangalia mashamba yake ya tangawizi, na kule juu maji mapya yalikuwa yanajaa kwenye ndiva aliyoisafisha mwenyewe. Jioni nilimkuta anakunja mashuka. Aliyakunja, akayakunjua, akayakunja. Mama aliyebishana na mtoto wake miezi yote ile alikuwa anafungasha, na kosa lilikuwa langu na la mlenda wangu.

Nilimwambia basi. Nilimwambia yote, kopo, chungu, dawa, kidole. Nilitegemea anikaripie. Aliuliza swali moja tu: "Ule uliokula kaka yako, ulikuwa ni ule wa kukwangua?"

"Wote ulikuwa wa kukwangua, mama."

Akaacha kukunja mashuka. "Kesho," akasema, "unipeleke kwenye simu."

Simu ilikuwa moja, ofisini kwa usharika, ya kuzungusha mkono, ukiomba uunganishiwe Same. Mwinjilisti alituzungushia akatoka nje kwa adabu, akasimama dirishani kwa umbea. Nilisikia sauti ya kaka ikitoka dukani kwake, kubwa kama kawaida. Simu yenyewe ilikuwa kama ya ziada.

"Mama! Shikamoo! Umeshafungasha?"

"Marahaba, baba. Kidole hakijambo?"

"Kimepona kabisa! Ni mlenda wako, mama, nimemwambia kila mtu hapa."

"Ule wa kwenye chungu kidogo? Chenye mfuniko wa bati?"

"Huo huo!"

"Basi, baba, ule haukuwa mboga. Ilikuwa dawa ya goti langu. Ya kupaka."

Simu ikakwaruza kidogo.

"Haina neno, mama," kaka akasema. "Ya kupaka, ya kula, tumbo ni moja. Ilikuwa bado haijapakwa lakini?"

"Ilikuwa imeshapakwa."

"Imeshapakwa wapi?"

"Gotini. Dada yako ananipaka asubuhi, jioni anakwangua anarudisha chunguni. Dawa ni adimu, baba. Hatutupi."

Nilimsikia mtu dukani kule anauliza bei ya shati, hakujibiwa.

"Anakwangua na nini?"

"Na kijiko. Kile ulichokikuta humo."

"Na mbuzi," kaka akasema, sauti sasa imekuwa ndogo, ya kwanza ndogo niliyoisikia kwake. "Nilimwona mbuzi mmoja anakulamba goti."

"Siku alizowahi kabla ya dada yako, ndiyo," mama akasema. "Nikija huko tutafute na mbuzi?"

"Nipe dada."

Mama akanipa simu, akageuka kuangalia kalenda ya kanisa ukutani, kwa makini sana, kama mtu anayetafuta Pasaka.

"Dada. Niambie ukweli. Mama anasema kweli?"

Nilimtazama mama. Mgongo wake ulikuwa unatikisika, na alikuwa amesimama kwa miguu yote miwili.

"Kaka," nikasema, "mama anakutania tu."

Nilimsikia, kule mwisho wa waya mrefu unaoshuka kutoka kwetu mpaka Same, akimtajia yule mteja bei ya shati.

"Jumamosi lori lina safari ya Ndungu," kisha akaniambia. "Kitanda kikae huko huko."